Kuandika Wasifu wa Baba Aliyekuwa Daktari Mpasuaji katika Mji Mdogo

Kazi ya mpasuaji haionwi na yule anayefanyiwa. Mgonjwa huingizwa chumbani akiwa na hofu yake, huchomwa dawa ya usingizi, na anapofumbua macho kazi imekwisha, jeraha limeshonwa na kufungwa, na aliyeifanya yuko kwa mgonjwa mwingine. Nyumbani nako watoto humpokea mtu huyohuyo akiwa amekwisha kuvua joho na glavu, amechoka, na hasemi aliyoyaona. Ndiyo maana siku anapofariki kila mmoja anabaki ameshika kipande chake: muuguzi anaikumbuka mikono, mgonjwa ana kovu, mke ana usiku mwingi wa kusubiri, na mtoto ana jioni chache zilizokatizwa na simu. Hakuna hata mmoja aliyemwona kwa ukamilifu wake.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyeachiwa jukumu la kuviunganisha vipande hivyo, awe mtoto, mjane, ndugu au mwenzake wa kazini. Niliibeba kazi hiyo kwa ajili ya baba yangu mzazi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpasuaji pekee wa hospitali ya mji wetu, na humu nimeweka yale yaliyonisaidia pamoja na makosa mawili ambayo nisingependa uyarudie.

Anza na watu, tarehe zitasubiri

Tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma, mwaka aliohitimu na mwaka aliostaafu vimeandikwa mahali fulani na vitakungoja. Kumbukumbu za watu hazingoji. Muuguzi aliyesimama naye mezani huenda naye ni mzee, na katika siku za msiba mambo humjia mtu kwa uwazi ambao mwezi mmoja baadaye utakuwa umefifia. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi hata moja, tengeneza orodha ya watu waliomwona mahali ambapo wewe hukufika. Usiwakumbuke madaktari wenzake tu. Kuna mtaalamu wa dawa ya usingizi, ambaye alikaa kichwani pa mgonjwa na kumtazama baba yako usoni kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kuna muuguzi aliyemkabidhi vifaa, aliyejua kutokana na namna alivyonyoosha kiganja kama anataka koleo au mkasi. Kuna aliyesafisha chumba baada ya kila kazi, aliyechemsha na kufunga vifaa, dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maabara aliyeamshwa usiku kutafuta damu, na mlinzi wa getini aliyejua saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mlinzi ndiye aliyenieleza jambo ambalo sikulijua kamwe, kwamba baba alikuwa akirudi hospitali baada ya sisi kulala, anakaa wodini dakika kumi karibu na mgonjwa aliyempasua mchana, kisha anarudi nyumbani bila kumwambia mtu.

Namna ya kuuliza ni muhimu kuliko idadi ya unaowauliza. Ukimuuliza mtu, "Marehemu alikuwa mtu wa aina gani?" atakujibu kwamba alikuwa mpole, mchapakazi, asiye na makuu, na atakuwa anasema kweli, ila maneno hayo yanamfaa kila marehemu aliyewahi kuandikiwa wasifu. Uliza kuhusu vitendo. Alifanya nini dakika moja kabla ya kukata? Alisimama upande gani wa meza? Sauti yake ilikuwaje damu ilipozidi? Alikaa wapi baada ya kazi kwisha, na alikunywa nini? Alimwambia nini jamaa wa mgonjwa aliyengoja nje, na je, alikuwa amesimama au alikaa alipomwambia? Swali dogo namna hii humrudisha mtu mahali penyewe, na akishafika hapo ataona mengine ambayo hukumuuliza.

Andika maneno yao kama walivyoyasema, siku hiyohiyo, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Ukitaka kumrekodi, mwombe ruhusa kwanza, na mwambie rekodi hiyo itatumika wapi.

Karatasi: zilizo zako na zisizo zako

Nyumbani utapata vyeti, barua za kuajiriwa na kuhamishwa, usajili wa baraza la madaktari, picha za mahafali, na pengine ratiba za zamu zilizokunjwa ndani ya vitabu. Ratiba za zamu usizidharau. Karatasi moja inayoonyesha kwamba jina lake liliandikwa kila usiku wa mwezi mzima, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kupokezana naye, inaeleza maisha yake kuliko ukurasa mzima wa sifa. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli nani yuko ndani yake na mwaka gani, wakati wanaowatambua bado wapo.

Rejista ya chumba cha upasuaji ni jambo jingine. Ndani yake kuna tarehe, jina la mgonjwa, ugonjwa, aina ya upasuaji, jina la mpasuaji na la aliyetoa dawa ya usingizi, na mtu anayeandika wasifu huitamani sana, kwa kuwa ni kama kumbukumbu ya maisha yake yote ya kazi, mstari kwa mstari. Hata hivyo kitabu hicho ni cha hospitali, na majina yaliyomo ni ya wagonjwa. Usikiombe, wala usikubali kupigiwa picha kurasa zake na rafiki mwema. Unachoweza kuomba kwa uongozi, kwa barua, ni hesabu isiyo na majina: mwaka fulani alipasua watu wangapi, na kwa matatizo gani. Wakikataa, pokea jibu lao kwa heshima na usibuni tarakimu. Sentensi inayosema "aliokoa maelfu ya maisha" haina uzito wowote ikiwa hakuna aliyehesabu, na kwa mtu aliyekuwa akihesabu kila kipande cha shashi kabla ya kufunga tumbo, ni sentensi inayomkosea heshima. Na ikiwa daftari lake binafsi la kazi limebaki kabatini likiwa na majina ya wagonjwa, lirudishe panapohusika au liulizie utaratibu wa sheria za mahali pako kabla hujalisoma lote.

Mweleze msomaji kazi yenyewe ilikuwa nini

Wasomaji wengi wanadhani mpasuaji ni mtu wa kiungo kimoja: huyu wa moyo, yule wa ubongo. Mpasuaji wa mji mdogo hana anasa hiyo. Anayeletwa ndiye anayetibiwa, awe mama ambaye uchungu umemkwamia, kijana mwenye kidole tumbo kilichopasuka, mkulima mwenye ngiri iliyonasa, mtoto aliyeungua kwa maji ya moto, au mtu wa ajali ambaye mfupa umetokeza nje ya ngozi. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyochunguza hali ya upasuaji duniani ilichagua kazi tatu kuwa kipimo cha hospitali inayojitosheleza, nazo ni kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mvunjiko wenye jeraha la wazi. Tume hiyohiyo ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawakuwa na njia ya kupata upasuaji salama wanaoumudu wakati wanapouhitaji. Ukimweleza msomaji hayo kwa sentensi mbili, ataelewa kwamba mtu aliyezifanya zote tatu kwa mikono yake, tena pengine kati ya magharibi na alfajiri moja, alikuwa ameushikilia mji mzima.

Mweke pia katika wakati wake. Hapa ndipo tarehe zinapoanza kuwa na kazi. Mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971, na ilichukua miaka mingi kufika katika hospitali ndogo, nyingine haijafika hadi leo. Ikiwa baba yako alihitimu katika miaka hiyo, basi sehemu kubwa ya maisha yake aliamua kama afungue tumbo au asifungue kwa kuweka kiganja juu yake, kubonyeza taratibu, kuachia ghafla, na kumtazama mgonjwa usoni. Dawa ya usingizi ya ketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970, iliwafaa sana wapasuaji wa hospitali zisizo na vifaa vingi, kwa kuwa kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe akiwa amelala. Kibofu cha nyongo kilitolewa kwa upasuaji wa matundu madogo kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na daktari Mjerumani Erich Mühe. Kama marehemu alikuwa amezoea kukata kwa urefu wa kiganja na akajifunza njia mpya akiwa na miaka hamsini, mtafute aliyekuwepo alipokuwa akijifunza, kwa sababu unyenyekevu wa mkubwa anayerudi darasani ni habari inayostahili aya nzima. Na mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama, inayowataka watu wa chumba cha upasuaji kusimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba baba, miaka mingi kabla ya orodha hiyo, hakukubali mgonjwa alazwe usingizi mpaka amemuuliza jina lake kwa kinywa chake mwenyewe na kumwonyesha kwa kidole upande unaouma. Bila kuujua mwaka 2008, nisingejua kwamba alichoniambia kilikuwa na uzito.

Maneno ya kitabibu yageuze yawe ya kawaida. "Alirekebisha utumbo uliojisokota" linaeleweka na kila mtu. Na usiandike kwamba alikuwa "wa kwanza" kufanya jambo lolote mpaka umelithibitisha kwa watu wawili wasiotegemeana.

Siri za wagonjwa hazirithiwi

Hili ndilo kosa langu lililoniuma zaidi. Nilikuwa na kisa kizuri, cha kijana aliyeletwa usiku wa mvua akiwa amepoteza damu nyingi, na baba akamhangaikia hadi kulipopambazuka. Sikutaja jina. Nilitaja mvua, daraja, umri wa kijana na aina ya jeraha, nikaamini nimemficha. Siku mbili baada ya kuwagawia watu nakala, dada yake alikuja nyumbani akakaa kwa muda bila kusema neno, kisha akasema, "Umemwandika ndugu yangu." Hakuwa na hasira, na hilo lilinifadhaisha zaidi. Katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, jina ndilo kitu cha mwisho kinachohitajika ili mtu atambulike.

Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1948, liliongezwa mwaka 1968 maneno yanayomtaka daktari atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa. Mimi naongeza kwa maoni yangu kwamba kifo cha daktari nacho hakizifungui. Alizibeba kwa niaba ya wengine, na hazikuingia katika urithi wake pamoja na saa na vitabu. Kwa hiyo kama unataka kusimulia kisa cha mgonjwa, nenda kwake, msomee ulichokiandika, na upate kibali chake kwa maandishi. Akiwa amefariki, nenda kwa watu wake. Kubadilisha umri na kijiji hakutoshi. Wasipopatikana au wakisita, simulia alichofanya daktari na uache alichougua mgonjwa. "Kuna usiku ambao alisimama mezani tangu jua lilipotua hadi lilipochomoza, na alipotoka hakuweza kukunja vidole" ni sentensi kamili, wala haimvunjii mtu yeyote heshima.

Waliokufa mikononi mwake

Usiandike kwamba hakuwahi kupoteza mgonjwa. Kila anayepasua watu kwa miaka mingi hupoteza, na wafiwa wao wanaweza kuwa wameketi mbele yako unaposoma. Lakini usilipite jambo hili kimya pia, kwa sababu ndani yake mara nyingi ndimo ulipofichika moyo wa marehemu. Waulize waliofanya kazi naye alikuwaje kesho yake. Aliwaendea mwenyewe jamaa wa mgonjwa aliyekufa, au alimtuma mtu? Alirudia kusoma? Alibadilisha utaratibu wowote?

Mimi nilikuwa na jibu langu tangu utotoni bila kujua kwamba ni jibu. Dirisha la chumba chetu lilitazama uani. Kuna usiku ambapo gari liliingia, taa zikazimwa, injini ikanyamaza, lakini mlango haukufunguliwa. Nilihesabu. Wakati mwingine nilifika mia tatu, wakati mwingine usingizi ulinichukua kabla hajashuka. Asubuhi alitufunga vifungo vya sare za shule kama kawaida. Nilipomweleza muuguzi tarehe moja niliyoikumbuka vizuri, kwa kuwa ilikuwa mkesha wa mtihani wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku hiyo walimpoteza mama na mtoto wake. Sikuandika zaidi ya hayo mawili: gari lililosimama gizani, na vifungo vya asubuhi.

Kama kuna malalamiko au kesi kuhusu kazi yake, wasifu wa marehemu si mahali pa kushtaki wala pa kutetea. Acha viende panapostahili.

Usimgawe mtu vipande viwili

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sehemu mbili, ya kwanza ikiitwa Daktari na ya pili Baba. Niliiona imenyooka. Muuguzi yule mzee aliisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa ukurasa wa pili ndiye yule wa ukurasa wa kwanza?" Niliona aibu, kwa kuwa alikuwa amegusa penyewe. Nilikuwa nimeandika habari za watu wawili ambao hawakuwahi kukutana, ilhali nilikuwa nimelelewa na mmoja.

Dawa yake ni kutafuta mahali ambapo kazi na nyumba viligusana, na karibu kila mara utapapata katika mikono yake na katika muda wake. Wapasuaji hunawa hadi kwenye viwiko na kuinua mikono ili maji yatiririke kuelekea kwenye kiwiko, yasirudi kwenye vidole. Baba alinawa hivyo hata kabla ya kula, na sisi watoto tulikaa mezani mikono yetu ikiwa juu kama yake, tukidhani kila familia hufanya vile. Aliponifundisha kufunga kamba za viatu, alipiga magoti mbele yangu, akaizungusha kamba mara mbili badala ya mara moja katika fundo la kwanza ili lisilegee, kisha akanionyesha kwamba fundo la pili lazima lielekee upande uliopinga la kwanza. Likielekea upande uleule, alisema, litateleza. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ndivyo anavyofunga mshipa unaovuja. Kamba zangu hazikufunguka shuleni hata siku moja.

Kisa kingine ni cha goti. Nilianguka, damu ikatiririka hadi kwenye soksi, nikalia. Alikunja kitambaa safi, akakiweka juu ya jeraha, akakandamiza kwa kiganja, akanipa saa yake ya mkononi nihesabu dakika tano. Kila nilipotaka kuchungulia alisema, "Bado. Ukichungulia unaanza upya." Mtaalamu wa dawa ya usingizi alinisimulia baadaye kwamba damu ilipowazidi chumbani, sauti ya baba ilishuka badala ya kupanda, aliweka kidole au shashi mahali panapovuja, akakandamiza, na kumwambia yeyote aliyekuwa na haraka maneno yaleyale: bado. Nilipoviweka visa hivyo viwili kwenye ukurasa mmoja, sikuhitaji tena neno "mvumilivu", na nililifuta kila lilipokuwa.

Kwa hiyo chukua karatasi, uipige mstari katikati, upande mmoja andika uliyoyaona nyumbani na upande mwingine waliyoyaona kazini, kisha tafuta yanayofanana. Matatu au manne yanatosha kuubeba wasifu wote.

Upendo wa baba ambaye mara nyingi hakuwepo

Utashawishika kuandika kwamba hakukosa sherehe hata moja ya shule. Kama alikosa, andika kwamba alikosa. Mpasuaji pekee wa mji hukosa mengi, na watoto wake wanayakumbuka. Kumwita baba aliyejitoa kwa watoto wake hakuhitaji kuzifuta siku hizo. Kunahitaji uonyeshe alifanya nini na saa chache alizokuwa nazo. Baba alikosa siku yangu ya kupokea zawadi darasani. Usiku ule aliniamsha, akanikalisha kitini, akaniomba niitembee sebule kuanzia mlangoni hadi kwake kama nilivyotembea jukwaani, naye akasimama na kupiga makofi taratibu ili asimwamshe mama. Wasifu unaoficha kukosa kwake ungelazimika kuyaficha makofi hayo pia.

Waulize ndugu zako mmojammoja, si mkiwa kikao kimoja, maana mkubwa akishasema wadogo hukubali. Mtoto wa kwanza na wa mwisho mara nyingi hawakulelewa na baba mmoja. Wa kwanza alimpata kijana, mwenye madeni, aliyeitwa kila usiku. Wa mwisho alimpata baada ya hospitali kupata mpasuaji wa pili, akiwa na nafasi ya kumsubiri getini shuleni. Yote mawili ni kweli, na yaandikwe yote. Anayebaki na uchungu mpe nafasi aseme, na umuulize kwa upole kama anataka yaandikwe.

Usimsahau mama, au yeyote aliyeishikilia nyumba. Simu ilipolia saa nane za usiku, aliyeipokea mara nyingi hakuwa daktari. Aliyefunika sahani, aliyewajibu watu waliobisha hodi wakiwa na mgonjwa begani, aliyewaeleza watoto kwa nini safari imeahirishwa, huyo naye aliutumikia mji ule, na wasifu ambao haumtaji una pengo.

Kuandika na kusoma

Fungua kwa tukio, si kwa "Marehemu alizaliwa mwaka". Mahali alipozaliwa patakuja katika aya ya pili au ya tatu, msomaji akiwa amekwisha kumwona. Amua utamwita nani. Kama unamwita Baba, mwite hivyo hadi mwisho, na uwaachie wengine wamwite Daktari ndani ya maneno yao wenyewe. Mabadiliko hayo yenyewe yatamwonyesha msikilizaji alivyokuwa wa wengi. Epuka maneno ambayo yameshazoeleka misibani hadi hayasikiki tena, kama mti mkubwa umeanguka, pengo lisilozibika, na mikono ya dhahabu. Wasifu wa kusomwa mbele ya watu uwe wa dakika tano hadi saba. Usome kwa sauti ukiwa peke yako, ukitazama saa, na ujue kwamba siku yenyewe utakwenda polepole zaidi. Ule mrefu wa kuhifadhiwa na familia hauna kikomo, na ndio unaostahili visa ambavyo havikupata nafasi.

Kabla ya kuutoa, wape watu watatu wausome: aliyemjua kazini, aliyemjua nyumbani, na mtu ambaye hakumjua kabisa. Wa kwanza atasahihisha uliyokosea kuhusu upasuaji, wa pili atakuambia kama sauti ni yake, na wa tatu atakuonyesha mahali ulipodhani kila mtu anajua. Hakiki majina yote kwa wenyewe, herufi kwa herufi, hasa ya wajukuu.

Ukishamaliza kusoma, usiondoke haraka. Simama karibu na mlango ukiwa na daftari na kalamu, kwa sababu watu watakujia, na baadhi yao hujawahi kuwaona. Wengine watakushika mkono tu. Wengine wataanza kupandisha kitambaa cha shati wakuonyeshe kovu. Acha mtu amalize anachotaka kusema, mshukuru, mwulize jina lake na kama anakubali liandikwe, kisha uandike maneno yake usiku uleule kabla hujalala.